Nzuri, Ila

Hadi leo nikisikia harufu ya sabuni ya hospitali, nasikia pamoja nayo sauti ya darasa zima likisimama kwa mkupuo na kujibu: "We are fine, thank you, teacher." Shule yetu ya Kigwa haikuwa mbali na reli, na Mwalimu Mihayo, aliyetufundisha Kiingereza darasa la sita, alitaka jibu hilo lisikike hadi stesheni. Hakuna aliyewahi kujibu vingine. Kuna asubuhi mwenzetu mmoja alikuja na malaria, anatetemeka ndani ya sweta la kaka yake, naye akasimama akajibu kwamba hajambo, anashukuru. Mwalimu akaridhika, tukakaa. Mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, na kwa kuwa niliweza kusema maneno hayo bila kukwama, nilijiona nimeshakimaliza Kiingereza.

Nyumbani salamu ilikuwa na mwendo wake. Mtu akifika kwa bibi yangu, Bibi Kabula, hata kama amekuja kusema ng'ombe wamo shambani, ataanza na shikamoo, ataulizwa habari za atokako, atajibu nzuri, ataulizwa za watoto, atajibu nzuri, na hapo ndipo itakapokuja ila. Nzuri, ila mtoto hajalala. Nzuri, ila ng'ombe wamo kwenye mihogo. Kila mtu alijua kwamba habari yenyewe iko baada ya ila, kwa hiyo aliyeuliza alitulia akangoja. Bibi alikuwa fundi wa kungoja. Aliacha hata kumenya karanga, mikono ikatulia kwenye ungo mpaka mgeni amalize. Babu yake alikuwa mpagazi kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani na kupita kwetu kuelekea Tabora, na bibi alipenda kusema kwamba ukoo wetu umezungumza na wageni tangu zamani. Mimi aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa mabibi wa kwetu kwa wajukuu wao wa kike. Aliwaambia majirani kwamba mke mwenzake huyu ndiye atakayeongea na Wazungu, nami nilivimba kichwa.

Mwaka huo macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Tukasikia kwamba madaktari wa macho kutoka nje watakuja kwa wiki moja kwenye hospitali moja ya mjini Tabora. Mama alikuwa na mtoto mchanga na baba alikuwa kwenye tumbaku, kwa hiyo nikapewa mimi kazi ya kumsindikiza. Tulipanda treni na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Bibi akafanyiwa upasuaji jicho la kushoto, na la kulia likaachwa kwa ajili ya safari nyingine. Kesho yake asubuhi daktari mmoja mrefu, mikono ya shati imekunjwa, ananukia sabuni, alipita kitanda kwa kitanda akifungua bandeji. Muuguzi aliyekuwa akitafsiri alikuwa ameitwa upande wa pili wa wodi. Daktari alipofika kwetu alilimulika jicho la bibi kwa tochi, kisha akaniuliza mimi bibi anaendeleaje. Nilielewa, na moyo ulinidunda kwa furaha.

Nikamwambia bibi anaulizwa habari za leo. Bibi akajiweka vizuri kitandani, akaanza kama anavyoanza siku zote.

"Nzuri. Mwambie nashukuru sana, mwanga nauona. Ila jicho linachoma kwa ndani, tangu alfajiri."

"Fine, thank you," nikasema, kwa sauti ile ile ya darasani, nikavuta pumzi ili niendelee. Daktari akatabasamu, akasema vizuri sana, akaandika kitu kwenye karatasi, akanipigapiga begani na kuhamia kitanda kinachofuata. Nilipekua kichwani kila nilichofundishwa, nikakuta salamu, siku za juma na majina ya matunda. Sikukuta neno hata moja la kumzuia mtu asiondoke. Ningeweza kumvuta shati. Ningeweza kumkimbilia muuguzi. Lakini wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wananitazama kwa kunistaajabia, na mimi nilitaka waendelee kunitazama hivyo.

"Umemwambia na la kuchoma?" bibi akauliza.

"Nimemwambia, bibi."

"Kasema nini?"

"Kasema vizuri sana."

Hilo la mwisho halikuwa uongo, na kwa miaka mingi nimejificha nyuma yake.

Tulirudi Kigwa na dawa ya matone. Jicho likavimba, bibi akavumilia. Mama alipomsihi arudi mjini alikataa, akasema daktari ameshaambiwa na hakuona tatizo. Nilimsikia akisema hivyo nikiwa nachota maji mtungini, nami nikaendelea kuchota. Siku ya tano baba alirudi kutoka shambani, akaona usaha, akamchukua kwa treni ya kwanza. Wageni walikuwa wameshaondoka. Madaktari wenyeji wakamtibu, wakasema tumechelewa. Jicho la kushoto halikuona tena.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, shule moja karibu na Isikizya. Wanafunzi wangu wanaokota maneno kwenye simu za wazazi wao, na matamshi yao yananishinda. Lakini salamu ya asubuhi ni ile ile, kwa mkupuo ule ule. Sijaifuta, ila kabla yake nimewafundisha kusema: tafadhali subiri, sijamaliza. Mkaguzi alipotutembelea na kutaka kutoka kabla kipindi hakijaisha, darasa zima lilimwambia hivyo. Akacheka, akarudi kukaa. Mimi sikuweza kucheka.

Likizo iliyopita nilikwenda Kigwa. Bibi ni mzee sana sasa. Jicho la kulia, lililokuja kufanyiwa upasuaji baadaye, bado linamtosha kumenya karanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza habari. Nzuri, akasema, ila goti, ila paa linavuja, ila kuku wanaibwa. Nikangoja mpaka akamaliza yote.

"Na wewe, mke mwenzangu, habari zako?"

"Nzuri, bibi," nikasema. "Ila..."

Bibi akatuliza mikono kwenye ungo, akanigeuzia upande wa jicho linaloona, akangoja.