Trekta la Kimo Changu

Kijana wa duka la matrekta pale Lindi mjini aliniamkia vizuri, shikamoo mama, nami nikaitika marahaba. Kisha akachungulia nyuma yangu mlangoni, akauliza mzee amebaki wapi ili waongee. Nikamwambia mzee yuko shambani. Sikusema uongo. Kaburi lake liko mwisho wa mstari wa tatu wa mikorosho, na kama yule kijana alitaka sana kuongea naye, gari za kwenda kwetu Kilangala zipo.

Mie nina hasira za karibu, sifichi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nimeumbwa bila mfuniko. Lakini siku ile nilikuwa na haki ya kuchemka, maana sikwenda dukani kutembea. Nilikwenda kutafuta kitu cha kunibakisha nyumbani kwangu.

Mwanangu ni mmoja tu, binti, anafanya kazi ofisini Dodoma. Baba yake alipofariki alikaa nami siku za mwanzo za eda, likizo ikaisha, akarudi kazini. Tangu hapo wimbo ukawa mmoja: mama njoo huku, shamba tumpe mtu, unakaa peke yako porini kama mchawi. Nikawa namjibu kwamba nyumbani si porini. Basi mwaka uliofuata nikashindwa palizi. Vibarua hawapatikani, vijana wote wako juu ya pikipiki, na jirani yangu wa upande wa bondeni, mwanamke tuliyekuwa tukisaidiana kulima tangu tukiwa maharusi, watoto wake walimchukua wakampeleka kwao Mtama. Majani yakanifika kiunoni. Kiangazi mtu akachoma shamba lake, moto ukavuka mpaka, ukanilia mikorosho kumi na mmoja.

Binti yangu aliposikia habari za moto akasema basi, imetosha. Mie nikamwambia nanunua trekta dogo, nitalima mwenyewe. Alicheka. Alipoona sicheki naye, akaniwekea sharti, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo:

"Ukiweza kufunga haro na kuifungua peke yako, bila kumwita mtu, nakuacha. Ukishindwa, unafunga mizigo unakuja huku."

Haro ni ile zana ya sahani za chuma inayoburutwa nyuma ya trekta kukata majani na kugeuza udongo. Kuendesha trekta si kazi, hata mlevi anaendesha. Kazi ni kuifunga ile zana nyuma ukiwa huna mtu wa kukwambia rudi kidogo, simama, sogea kushoto. Binti yangu hakusoma bure. Alijua pa kunikamatia.

Sasa pale dukani yule kijana alinipeleka moja kwa moja kwenye trekta kubwa kuliko yote. Lina kibanda, lina ngazi, magurudumu yanafika kifuani pangu. Akasema hili mama linalima chochote. Nikapanda. Nilipokaa kitini miguu yangu ikaning'inia hewani, klachi iko kule, mie niko huku. Maana mie ni mfupi, kwetu wananiita kinu. Kijana akageuza uso asinicheke, na kwa hilo nilimsamehe lile swali la mlangoni. Akaniuliza shamba ekari ngapi. Nikamwambia tuna ekari nane.

Nikasikia mwenyewe nilivyosema tuna. Sikulirekebisha.

Akasema kwa ekari nane za mikorosho, na ufuta na mbaazi pembeni, nisipoteze fedha kwenye hilo kubwa. Akanionyesha mawili mengine. Moja la kati, nguvu ya farasi thelathini na tano. Jingine dogo, ishirini na tano, jembamba, la chini, na kile chuma cha nyuma ya kiti kinachomlinda dereva likipinduka kinakunjwa. Akaniambia nirudi nyumbani kwanza nikapime matawi. Mikorosho ya zamani huinama, akasema, na trekta refu litakuvunjia matawi au litakuvunjia shingo. Hapo nikamwona mtu wa maana.

Nilirudi, nikakata ufito wa kimo cha lile la kati, nikautembeza wima chini ya mikorosho yote, mstari kwa mstari. Ukagonga matawi mpaka nikachoka kuhesabu. Kesho yake nikaupunguza ukawa kimo cha lile dogo, nikaanza upya. Watu wawili walipita na baiskeli njiani, wakaniona bibi mzima natembea na mti mkononi nikizungumza na miti mingine. Waliniamkia kwa adabu sana wakakazana kupiga pedali.

Halafu nikaingiwa na shaka juu ya zile ekari. Kwetu ekari ni hatua sabini kwa sabini, kila mtu anajua hivyo. Shamba letu alilipima marehemu siku tulipoonyeshwa, mie nikimfuata nyuma na panga naweka alama kwenye miti. Sasa nikalipima mwenyewe. Nikapata kumi na moja na kipande. Nikarudia, nikapata kumi na moja. Loo, hasira zilizonipanda! Miaka yote hiyo tunawaambia watu nane. Nikampigia mwanangu nikamwambia baba yako alikuwa akijiibia mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema mama, baba alikuwa twiga na wewe ni sungura, hatua zenu zitalingana vipi. Akanifundisha kuzunguka mpaka na simu, ile simu yenyewe inapima. Ikasema nane na kidogo.

Kumbe alikuwa sawa. Hatua zake ndefu ndizo zilizokuwa za kweli, zangu ndizo za kubahatisha. Niliketi pale mpakani nikalia kama mtoto. Niliona pengo lake vibaya siku ile, kuliko hata siku ya maziko, maana siku ya maziko kulikuwa na watu.

Basi, sasa nielezee ile miezi miwili ya kuchagua. Mwanangu, ambaye kabla ya hapo alinipigia Ijumaa tu baada ya swala, alianza kupiga kila siku. Ananitumia picha za matrekta. Anasoma huko kwenye mtandao, ananiletea maswali. Mama, udongo wako kichanga au mfinyanzi? Mama, kuna visiki? Kuna mteremko? Yeye alitaka la kati. Alisema mtu asinunue dogo akaja kujuta. Mie nasema matawi. Yeye anasema kata matawi. Mie nasema miti hiyo aliipanda baba yako, kata mkono wako. Tunagombana, tunakata simu, kesho anapiga tena kana kwamba hakukuwa na ugomvi. Mara aniulize nimekula nini. Mara aniambie habari za bosi wake, mara za mwanamume mmoja wa kule ambaye hakunitajia tena baadaye. Mambo ambayo hakuwahi kunieleza.

Ikafika mahali akachoka, akanitupia methali: mchagua jembe si mkulima. Alinidhihaki nayo wiki nzima. Na hapa lazima niseme kweli. Nilikwisha kuchagua. Wiki ya pili tu, ufito ule mfupi ulipopita chini ya mikorosho bila kugusa, nilijua nanunua lile dogo. Lakini nikaendelea kuuliza. Nikauliza habari za magurudumu, za dizeli, kama tela itavutika na magunia ya korosho kwenye kile kilima cha kwenda barabarani. Nilikuwa nachagua kwa sababu simu ilikuwa inaita.

Mwishowe nikaona aibu, nikanunua.

Liliposhushwa kwenye lori, fundi wa dukani alikaa nami siku mbili. Alinifundisha neno ambalo nalishika mpaka leo: zana haifuati trekta, trekta ndilo linalofuata zana. Usivute chuma kwa mgongo, utavunjika. Rudi nyuma taratibu mpaka mikono miwili ya chini ya trekta ielekee pini za haro. Funga wa kushoto kwanza, ule haurekebishiki. Kisha wa kulia, huo una mpini wa kuupandisha na kuushusha. Wa juu ndio wa mwisho. Alipoondoka nikabaki na mashine. Mwezi mzima nilifanya mazoezi hayo tu, asubuhi baada ya chai. Nilirudi nyuma mara ishirini, thelathini, nashuka naangalia, napanda, nashuka. Kidole cha kati kilibanwa, kucha ikadondoka. Nilitukana. Nilitukana matusi ambayo sikujua kama nayajua, na hapakuwa na mtu wa kuniambia astaghfiru.

Mwanangu akaja kwa likizo ya siku saba kunisahihisha, kama mwalimu wa mitihani. Tulilala kitanda kimoja, mie ukutani yeye nje, akanipiga mateke kama alivyokuwa akinipiga alipokuwa mdogo. Nilimpikia kisamvu cha nazi, nikamkaangia samaki. Nilijikuta asubuhi naweka vikombe viwili bila kufikiri. Siku ya kwanza hakutaja mtihani. Siku ya pili hakutaja. Mie nami sikumkumbusha.

Siku ya tatu akajifunga kanga, akakaa na kikombe chake cha kahawa kwenye kinu kilicholala nje, akasema haya mama.

Nikalitazama lile trekta. Nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilijua kwamba nikikosea, nikijifanya pini haiingii, nikashika kiuno nikasema mwanangu nimeshindwa, atanichukua, na nitakuwa nikisikia mlango ukifunguliwa kila jioni. Niliwaza hilo nikiwa nimeshika usukani. Lakini mie na kushindwa si ndugu. Nikawasha. Nikarudi mara moja tu. Nikashuka, kushoto, kulia, juu, pini zote zikaingia kama zimepakwa mafuta. Nikapanda, nikainua haro hewani, nikaishusha, nikaifungua tena nikasogea mbele. Kahawa yake ilikuwa bado ina moshi.

Alisimama akaja akanikumbatia, nikiwa na grisi mpaka viwikoni. Alikuwa akilia. Akasema:

"Mama, sasa sina wasiwasi na wewe tena."

Nikasema alhamdulillah. Kwa kweli nilifurahi, kichwa kilivimba, nilitembea siku ile kama nimeoa mke wa pili. Mwanangu akapiga simu kazini. Kulikuwa na kazi zimemlundikia, akasema, na kwa kuwa hapa mambo yako sawa angeondoka kesho. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikamfungia korosho za kukaanga na unga wa muhogo, nikampandisha gari.

Trekta ni zuri. Mtu akiniuliza leo nitamwambia vile vile, pima matawi, pima miguu yako, usimsikilize mwenye duka anayekupandisha ngazi. Kazi iliyonichukua mwezi na jembe la mkono naimaliza siku tatu na alasiri moja. Shamba ni safi, moto hauna pa kupita. Tabu ni hizo siku zinazobaki. Zamani uchovu ulikuwa unanisaidia kulala.

Na simu ikarudi Ijumaa. Kisha Ijumaa moja akaruka, akaniandikia ujumbe kwamba yuko kikaoni, mama si uko sawa. Nikajibu niko sawa. Sikukuu ya Idd ilipofika akasema hawezi kuja, nauli si tatizo, tatizo ni ruhusa, na isitoshe wewe sasa ni jeshi la mtu mmoja. Akacheka. Nikacheka naye. Nilitaka kumwambia kwamba mtu akikutoa kwenye wasiwasi wake amekutoa na pahali pengine pia, lakini maneno kama hayo huwezi kuyasema kwenye simu mtu akiwa anatafuta funguo za ofisi.

Wiki iliyopita, Jumanne, nilikaa kizingitini nikapanga uongo. Nilipanga vizuri. Nitampigia nimwambie mkono wa kulia wa trekta umepinda, nimeshindwa kufunga haro, mgongo nao unaniuma. Nilijua atasema nini. Atasema mama usiguse kitu, nakuja. Nikapiga.

Haikuwa siku yetu ya kupigiana, ndiyo maana alipokea mlio wa kwanza haujaisha. "Mama? Kuna nini?"

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Mama. Mama, unanisikia? Umeanguka?"

Nilikuwa namsikia vizuri sana. Nilisikia kiti kikisukumwa, nilisikia anawaambia watu kwa sauti ya chini kwamba ni mama yake. Najua ni dhambi, na Mungu anisamehe, lakini nilimwacha aniite mara ya tatu, na ya nne, kabla sijamwambia kwamba hakuna kitu, mwanangu, trekta linafanya kazi vizuri.