Kiu ya Fundi Saa

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na Dekio alijua kila kitanda kinalia vipi kikisukumwa. Alipiga deki humo kwa miaka kumi na mmoja, akiinama chini ya vitanda hivyo, akiwatambua wagonjwa kwa ndara zao kabla ya kuzijua sura zao. Jina la Dekio alipewa na wauguzi wakati huo. Alipojiunga na chuo cha uuguzi akiwa na miaka thelathini na sita, jina lilimtangulia mlangoni, naye hakulikataa. Alisema jina likishakuzoea huwa kama kiatu kilichopanuka: halipendezi, lakini halichubui.

Kilichomchubua kilikuwa somo moja, la mwenendo wa magonjwa.

Zamani ugonjwa ulikuwa kitu cha kueleweka. Homa ni mbaya, uvimbe ni mbaya, na mtu akitapika unaleta ndoo. Darasani mambo yaligeuzwa miguu juu. Kumbe homa huwashwa na mwili wenyewe ili wadudu wasikae kwa raha. Kumbe kidole kilichokatwa huvimba kwa sababu askari wa damu wamefika kazini, na usaha ni mizoga yao.

"Sasa ugonjwa ni upi hapo, Mwalimu?" aliuliza siku ya kwanza. "Ni yule aliyevamia, au ni hii vurugu ya wanaotulinda?"

Darasa lilicheka. Wengi wa wenzake walikuwa wadogo kiasi cha kumwita Mama. Mwalimu hakucheka. Alimpa chaki na kumwambia, "Njoo uchore mishale."

Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Mishale, kwa kuwa kwake hakuna jibu lililokamilika bila mishale: chanzo, mshale, kilichoharibika, mshale, kinachoonekana kwa macho. Mwanafunzi aliyetaja dalili kumi bila kuziunganisha alipata sifuri, hata kama zote kumi zilikuwa sahihi. Dekio alipata sifuri nyingi. Mishale yake ilikuwa kama kuku walioona mwewe, kila mmoja na njia yake.

Kisha likaja somo la upungufu wa maji mwilini, na kwa mara ya kwanza akapata alama zote. Maji yanapotea, damu inapungua, figo inabana mkojo, kinywa kinakauka, kiu inashika. Dawa: maji. Mnyororo ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Dekio aliibandika karatasi ile ukutani nyumbani, juu ya meza ya kulia, akaanza kutamani kukutana na mgonjwa wa namna hiyo.

Jumatatu, kwenye zamu yake ya mafunzo wodini, akadhani amekutana naye.

Alikuwa mzee wa kitanda cha tisa, fundi saa ambaye kwa miaka arobaini alikaa kwenye kibanda kidogo akitengeneza saa za watu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Lakini ulimi wake ulikuwa mkavu, midomo imepasuka, na chupa ya mkojo ilikuwa na tone la kuaibisha.

"Binti yangu," fundi saa alisema, "miguuni nina maji ya kujaza pipa, na ulimi wangu ni jiwe la kunolea kisu. Nani kaniroga?"

"Hujarogwa, Baba. Una upungufu wa maji."

"Na haya ya miguuni?"

Dekio alisita. Haya ya miguuni hayakuwa kwenye karatasi ya ukutani. Akajiambia kwamba hilo ni jambo jingine, litakuwa na mishale yake kwingine.

Kwenye fomu iliyoning'inia miguuni pa kitanda, daktari alikuwa ameandika wazi: maji ya kunywa, yasizidi lita moja kwa siku. Dekio aliyasoma maneno hayo mara mbili. Aliyeandika hivi, aliwaza, hakuuona ulimi huu. Akamimina kikombe cha kwanza. Mzee alikinywa kwa pumzi moja, akafumba macho, akamwombea Dekio maisha marefu. Baada ya dua kama hiyo, nani angekataa kumimina cha pili? Hadi saa nane mchana vilikuwa vikombe saba, na Dekio aliviandika vyote kwenye fomu, saa na kipimo, kwa mwandiko wa kupendeza.

Saa tisa fundi saa hakuweza tena kulala chali. Saa tisa na nusu alikuwa ameketi kitako ameshika pembe za godoro, na pumzi yake inatoa mapovu kama sufuria iliyo karibu kuchemka. Sista, yaani muuguzi mkuu wa wodi, alifika kwa hatua tatu. Akamwinua mzee vizuri, akamwekea oksijeni, akamwita daktari, sindano ya kukojosha ikaingia. Dekio alisimama pembeni ameshika jagi la maji, hajui aliweke wapi. Baada ya saa nzima mzee alijaza chupa ya kwanza ya mkojo, kisha ya pili, na mapovu yakaanza kutulia.

Hapo ndipo Sista alipochukua fomu.

"Nani kampa mgonjwa huyu maji yote haya?"

"Mimi, Sista."

"Naona ni wewe. Umejiandikia mashtaka mwenyewe, tena kwa mwandiko wa kadi ya harusi." Alishusha fomu. "Dekio, umeosha sakafu hii kabla sijapewa hii kofia. Ulishindwa kusoma mstari mmoja?"

"Niliusoma."

Sista aliirudisha fomu mahali pake. Angepata jibu jingine lolote angefoka; kwa hilo alichukua tu jagi mkononi mwa Dekio.

Siku ya pili Mishale alimwita ofisini. Hakumkalisha.

"Kwamba umekosea unajua, hata mlinzi wa geti anajua," alisema. "Mimi nataka kujua kama unajua kwa nini. Mtu amejaa maji hadi mapafuni. Kwa nini ana kiu? Kwa nini figo inabana mkojo badala ya kuyamwaga? Alhamisi saa nne utanieleza mbele ya kitanda chake. Ukishindwa, unatoka wodini na kurudi mwaka wa kwanza. Siwezi kumwacha na jagi mtu anayefuata mshale mmoja akaacha mwili mzima."

Mwaka wa kwanza! Dekio alitoka pale masikio yanavuma. Kurudi nyuma kulimaanisha kufika miaka arobaini akiwa bado mwanafunzi, na hilo mume wake, mchomeleaji wa mageti, angelivumilia, lakini yeye mwenyewe asingeweza.

Alimtafuta mwenzake aliyeitwa Kasuku, binti wa miaka ishirini aliyeweza kughani kurasa za kitabu akiwa anasuka nywele.

"Moyo ukishindwa kusukuma vizuri, Mama," Kasuku alianza bila kupumua, "damu inayofika kwenye figo inapungua, figo inaamsha homoni, chumvi na maji vinabakizwa, kiu inaongezeka, ujazo unaongezeka, miguu inavimba, mapafu yanajaa."

"Ngoja. Maji yamejaa, halafu figo inabakiza mengine?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu imeamsha homoni."

"Imeziamsha za nini, na maji yapo?"

Kasuku alirudi mwanzo, akaghani tena, safari hii polepole. Dekio alimshukuru, akaondoka na kizunguzungu kilekile, sasa kikiwa na majina marefu zaidi. Jumatano nzima alichora. Kila mshale alioanzisha ulimrudisha kwenye lile shimo la kidole mguuni mwa mzee. Kama figo ina akili, basi haina huruma. Kama ina huruma, basi haina akili. Jioni alirudi nyumbani kichwa kizito.

Waliishi ghorofa ya tatu, yeye, mumewe na mama mkwe. Getini alilazimika kukunja sketi: tangi kubwa la uani lilikuwa linafurika, na dimbwi limefika hadi kwenye ngazi. Juu, mama mkwe alikuwa amepanga ndoo, masufuria, birika na hata bakuli la kuoshea mchele, foleni ndefu mbele ya bomba lililokuwa likitoa uzi wa maji mwembamba kama mate ya mtoto.

"Mkwe, usiguse hata kikombe," mama mkwe alisema. "Kiangazi kimeingia. Hakuna kuoga, hakuna kufua, hakuna kumwaga tone. Na nimeshampigia muuza maji alete madumu kumi."

"Mama, maji yapo. Uani pamefurika."

"Ya uani ni ya uani. Mimi naishi huku."

"Pampu ndiyo imechoka, Mama. Haiyapandishi. Tangi limejaa mpaka linamwagika."

"Wewe umetoka chuo cha uuguzi au cha mabomba? Mimi naangalia bomba langu. Bomba langu linasema kiangazi."

Muda si muda muuza maji alipanda ngazi, dumu bega hili na dumu bega lile, suruali imelowa hadi magotini kwa kuvuka dimbwi. Dekio alimtazama akiweka madumu chini. Akamtazama mama mkwe akifunga kizibo kwa nguvu zake zote, asipotee hata mvuke. Mwanamke mwenye akili timamu, mwenye bidii, mwenye kuipenda nyumba yake.

"Unanitazamia nini?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, huoni uani kutoka hapa, sivyo?"

"Nitaonaje na ukuta uko hapa?"

Dekio aliibandua ukutani ile karatasi ya alama zote, akaketi juu ya dumu, akaanza kuchora nyuma yake. Mama mkwe alimwambia mwanawe baadaye kwamba mkewe amepatwa na kitu.

Alhamisi saa nne, Mishale alikuwa kitanda cha tisa na chaki mfukoni kama kawaida, Sista akiwa upande wa pili amekunja mikono. Fundi saa aliegemea mito mitatu. Alikuwa amenyweshwa kidogo na kukojoa sana kwa siku tatu, na miguu yake ilianza kuonyesha mifupa.

"Anza," Mishale alisema.

"Moyo umechoka kusukuma," Dekio alianza. "Mshale. Damu inayofika kwenye figo ni kidogo. Mshale..." Akakwama. "Mwalimu, naomba niache mshale kidogo. Figo haiioni miguu. Haijui kama miguu imevimba. Inachoona ni bomba lake tu, na bomba linatiririka kidogo. Kwa hiyo inaamini mwili umekauka. Inabana mkojo, inabakiza chumvi, na kichwani kiu inawashwa ili mtu anywe. Inafanya kile kile ambacho ingefanya kwa mtu anayekufa kwa jua. Mimi nilifanya vivyo hivyo. Niliona ulimi, sikuona miguu."

"Na maji yanayobanwa yanakwenda wapi?"

"Yanarudi kwenye moyo uleule uliochoka. Unazidiwa. Yanarundikana nyuma yake, mapafuni na miguuni. Mbele kunabaki kukavu."

"Mshale wa mwisho unaelekea wapi?"

Dekio aliangalia karatasi yake. Jana usiku mshale huo ulikuwa umemtoka pembeni, akadhani amekosea tena.

"Unarudi kwenye wa kwanza, Mwalimu. Unazunguka. Haunyooki."

Mishale aliinama kuitazama karatasi. Fundi saa akakohoa.

"Kwa hiyo figo yangu ni mpumbavu?"

"Hapana, Baba. Ni mwaminifu. Haikupata habari."

"Basi ni kama mke wangu wa kwanza," alisema fundi saa, na Sista akageuka upande kuficha meno.

"Lakini bado sielewi," Dekio aliendelea, maana alishaanza na hakuweza kunyamaza. "Kama moyo unajitahidi, na figo inajitahidi, na kiu inatimiza wajibu, ugonjwa uko kwa nani? Siku ya kwanza niliuliza hivyo, na mpaka leo sijui."

"Mimi pia hulala nalo hilo," Mishale alisema. Akaitoa chaki mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Utabaki wodini. Kwa mwezi mmoja hushiki jagi bila Sista kukuona. Na mzee akiwa na kiu leo utamfanyia nini?"

Kabla Dekio hajajibu, fundi saa alilamba midomo. "Tusingoje jioni. Ninayo sasa hivi. Binti, nimekuombea maisha marefu wewe. Kikombe kimoja tu."

Dekio alikwenda kwenye fomu. Aliusoma mstari, kisha akajumlisha vikombe vya asubuhi kwa kidole. Kilichobaki hadi usiku kilikuwa vikombe viwili, na jua lilikuwa bado halijafika utosini. Alimtazama Sista. Sista aliinamisha kichwa kidogo kuonyesha kwamba anamwona.

Akachukua kikombe, akatia maji robo. Akamletea na beseni.

"Sukutua, Baba. Kisha uteme. Halafu nitakupaka midomo."

"Niteme maji?" Fundi saa alikishika kikombe kwa vidole vyake vyembamba vya kushikia vyuma vidogo vya saa. "Jumatatu ulinipa saba, leo unaninyang'anya hata haya?"

"Ndiyo, Baba."

"Na kiu yangu ni ya kweli."

"Ni ya kweli," Dekio alisema. "Inaelezea tu mambo ya uongo."

Mzee alimkazia macho, kikombe kikiwa mdomoni. Shavu moja likajaa, kisha la pili. Dekio aliinua beseni hadi kidevuni kwake, akangoja, bila kujua kama atatema au atameza.