Niliichoma sumaku ya Neema nikaiita ugunduzi

Mimi ndiye mkosaji, msitafute mwingine. Jina nisitirieni, kosa nalitaja lote.

Nasomea fizikia hapa Kigali. Mwenzangu wa maabara ni dada Mtanzania, nimwite Neema. Kazi yetu ni kubandua sumaku kwa selotepu, tabaka kwa tabaka, mpaka kibaki kipande chembamba kuliko utandu wa maziwa. Tunakipoza sana, tunakimulika kwa leza, tunasoma mwanga unaorudi. Sumaku ikiamka, kwenye grafu huota kilima kipya. Kilima hicho ndicho shahada ya Neema ilichokuwa inangoja.

Jumamosi moja akaniachia kipande chake bora. Akaniomba nisubiri pampu imalize kutoa hewa, na leza niiweke hafifu. Nikamwambia asijali. Mwongo mimi! Kimisagara kulikuwa na gusaba, binamu yangu anaposa, na akili yangu ilishatangulia kwenye sahani. Pampu sikuisubiri. Leza nikaikaza nimalize upesi.

Kilima kikaota! Yampayinka, nikampigia palepale. Dada wa watu akalia kwa furaha, akampigia mama yake Dodoma.

Ndipo nikachungulia kwenye hadubini. Katikati ya kipande kuna doa jeusi. Nilikuwa nimekichoma, hewa iliyobaki ikakitia kutu, na kilima kile kilikuwa cha kutu hiyo tu. Nikanyamaza, nikaenda kula. Chakula kilishuka vizuri, nisiwadanganye.

Wiki iliyofuata Neema akasimama mbele ya walimu. Mmoja akataka kipande kipashwe joto, maana sumaku ya namna hii ikipata joto hulala na kilima chake hupotea. Tukakipasha. Kilima kimekaa tu, wala hakina habari. Mwalimu akamuuliza Neema kama mwenzake wa maabara labda alikiunguza.

Neema hakusita. "Hapana. Angekiunguza, angeniambia."

Aibu niliyoisikia, rwose, siwatakii. Nikasema ukweli hapohapo, mbele ya wote.

Hakunigombeza. Shahada yake imesogezwa mbele, na siku hizi ananiita Mtaalamu wa Kutu, hata mbele ya wageni, nami naitika. Kipande kingine amebandua. Leza anaishika mwenyewe.

Nyinyi mnaofanya kazi wawili wawili, ukiharibu sema siku ileile, kabla mwenzio hajampigia mama yake. Kipande hubanduliwa kingine. Lakini lile neno, "angeniambia", Neema hajalisema tena juu yangu, na simlaumu.