Nyumba za Mawe za Majengo

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara alinikabidhi timazi, uzi wenye risasi nchani unaomwonyesha mwashi kama ukuta umesimama wima, akaniambia kuanzia leo nisiyaamini macho yangu. Nilikuwa kijana wa Meru hapa hapa, na kichwa kilinivimba kwa fahari. Serikali ilikuwa imesema vibanda vya udongo vya Majengo vitaondolewa na mahali pake zijengwe nyumba za mawe. Mimi ningeujenga mji wangu kwa mikono yangu.

Tulichimba misingi, tukachonga mawe, tukapandisha kuta hadi kwenye linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango. Ndipo Emajensi ikatangazwa, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Saruji yetu ikaanza kwenda kwenye kambi na vituo vya polisi. Waashi nao wakahamishwa mmoja mmoja kwenda upande wa Embu kujenga vituo vya homgadi, walinzi wenyeji waliokuwa upande wa Serikali. Kuta zetu zikaota majani. Tulipomuuliza Bwana Injinia, Mzungu aliyekuwa mkubwa wa kazi, alisema tungoje.

Kubomoa hakukungoja. Asubuhi moja tuliamriwa kuangusha safu ya kwanza ya vibanda, maana askari walitaka njia pana ya magari yao. Cha kwanza kilikuwa cha Mama Zainabu, mjane wa mchinjaji, ambaye waashi wote tulikunywa supu kwake. Tulimkuta ameketi mlangoni na wajukuu zake, vyombo vyake vyote viko ndani. Nyuma yetu walisimama askari wenye bunduki.

Nyapara alininyooshea nyundo kubwa. Sikuipokea. Alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, na sikuwahi kumwona akiogopa. Siku hiyo alinivuta kando, huku akiwatazama askari kwa pembe ya jicho.

"Ukikataa leo, hawatasema umekataa kubomoa," aliniambia. "Watasema umekula kiapo."

Nilijua maana yake: kiapo cha Mau Mau. Binamu yangu alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, na mpaka siku ile hatukujua yuko kambi gani.

Nilivua kofia nikamwendea Bwana Injinia. Nilimweleza kwamba nyumba moja ya mawe ilibakia kuezekwa tu, na mbao na mabati yapo stoo. Atuachie siku hiyo tuiezeke, mama ahamie, kisha tubomoe. Mkubwa wa askari akauliza huyu ni nani anayepanga kazi. Bwana Injinia alinitazama toka juu hadi chini.

"Jua nalala, nyumba hapana kwisha," alisema kwa Kiswahili chake, "wewe nakwenda na askari."

Nyapara alivua koti, akawa wa kwanza kupanda ukutani. Hakuna aliyekula mchana. Askari walikaa kivulini wakitutazama, na kila msumari uliopinda niliung'oa nikapigilia mwingine. Bati la mwisho lilipigiliwa jua likiwa limegusa vilima.

Mama Zainabu aliingia kabla ya kafyu, saa ya marufuku ya kutoka nje. Sakafu ilikuwa vumbi tupu na madirisha hayakuwa na mbao. Alizunguka chumba, akagusa ukuta, akanigeukia.

"Na jirani zangu, mwanangu?"

Safu yote ilianguka juma lile, na wengi walilala msikitini. Mimi nilihamishiwa Karurumo, upande wa Embu, nadhani kwa sababu ya mdomo wangu. Huko na kwingineko nilijenga shule, zahanati na madaraja, nikawa nyapara mwenyewe, nikastaafu. Niliporudi nyumbani, misingi mingine tuliyochimba ilikuwa imepandwa mboga za sukuma wiki. Uhuru ulikwishapita zamani.

Juzi wamekuja maofisa wapya na picha nzuri ya Majengo mapya. Mkubwa wao, binti mpole, aliwaomba wazee watoe maoni. Nilisimama nikamwambia mji huu naupenda kuliko anavyoupenda yeye, na picha yake imenipendeza. Kisha nikamuuliza, siku ukuta wa kwanza utakapoanguka, wenyewe watalala wapi?

Alipekua karatasi zake, akasema jambo hilo bado linajadiliwa.

Watu waliinuka mmoja mmoja wakarudi makwao, wakafunga milango.