Dereva, mama mkwe na mfarishi wa mawimbi

Saa tatu asubuhi, sebuleni hakuna pa kukanyaga. Mfarishi wa kitanda kikubwa umemwagika kutoka kwenye meza ya cherehani, umefunika viti viwili na nusu ya sakafu. Nyuma ya rundo hilo la viraka vya bluu na manjano yupo mwanamume mwenye mabega mapana na kipara kinachong'aa, ncha ya ulimi imetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Anakanyaga cherehani polepole, anasimama, anakanyaga tena.

"Karibu, ila usinikanyagie pamba," anasema bila kuinua kichwa. "Niko kwenye kona."

Mtaa mzima unamwita Dereva. Aliendesha malori ya mizigo kwa zaidi ya miaka ishirini. Leo anakula kwa kushona utepe kwenye kingo za mifarishi, yale matandiko mazito ya viraka yenye pamba katikati.

Si kingo zilizonyooka, hizo anasema angezishona hata amelala. Zake ni zile za mawimbi, zinazopanda na kushuka pande zote nne, ambazo mafundi wengine wakiletewa hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Leo ana wasiwasi na wala hafichi. Mfarishi huu ni wa mama mkwe wake, na mama mkwe anakuja kuuchukua mchana huu.

"Andika tu kwamba naogopa," ananiambia. "Nimeteremka milima na shehena ya saruji, breki zinanuka. Sikuogopa hivi, wallahi."

Pembeni, kwenye meza ya pasi, mkewe anacheka mpaka anashika bega. Yeye ndiye fundi mkuu wa nyumba: anachagua vitambaa, anakata, anaunganisha viraka. Alifundishwa na mama yake, ambaye enzi zake alishonea karibu kila nyumba ya jirani.

Dereva aliingia kazini kwa kukosa kazi. Kampuni iliyomwajiri iliuza malori yake, na kila alipokwenda kuomba aliambiwa wanatafuta vijana. Akakaa nyumbani, akawa anatengeneza redio ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Jamani, alinichosha!" anasema mkewe. "Kila ninapogeuka yupo. Nikamwambia, baba watoto, kama huna la kufanya nishikie mzigo huu."

Mzigo ni mfarishi wenyewe. Ukiachwa uning'inie mezani, uzito wake unavuta sindano na mshono unakwenda upande. Kwa miezi kadhaa kazi ya Dereva ikawa kubeba tu, huku akitazama. Kisha bega la mkewe likaanza kuuma, daktari akamkataza kusukuma vitu vizito, na cherehani ikabaki haina mtu. Mume akaketi.

"Na ule wa kwanza nikamshonea nani?" anauliza, akijigonga kipara. "Mama mkwe! Nilitaka kumfurahisha. Sijui kichwani nilikuwa na nini."

Alikosea mara mbili. Kwanza, alikata mawimbi kabla ya kushona utepe, akidhani anaokoa muda. Ukingo uliokatwa ukalegea, na kila alipoushika ukazidi kurefuka.

Pili, aliuvuta utepe. "Mimi nimezoea kamba za turubai. Turubai usipoikaza, mzigo unamwagika njiani. Basi na utepe nikaukaza."

Ulipotandikwa, kingo zote zikajikunja kwenda juu. "Ungeweza kutia supu," anasema mkewe.

Mama mkwe aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaondoka nao. Walipomtembelea wiki iliyofuata wakaukuta juu ya kochi la sebuleni, mahali ambapo hakuna mgeni asiyeuona. Na kila mgeni alionyeshwa na kuambiwa: "Hii kazi ya mkwe wangu, yule dereva."

Huu ni mwaka wa nne, na mfarishi haujaondoka kwenye kochi. Mashemeji humwita Dereva "Bakuli", tena kwenye shughuli za familia, mbele ya watu. Aliomba auchukue akaurekebishe, akajibiwa, "Ulinipa, ni wangu." Tangu hapo kila kinachotoka nyumba hii mama mkwe huuliza kwanza: kashona mwanangu au kashona dereva? Cha dereva hakilaliwi.

Ndiyo maana leo kona zinakwenda polepole. Dereva ananionyesha mstari wa chaki aliouchora kwa kuzungusha mfuniko wa sufuria. Kitambaa bado hakijakatwa, kimeenea nje ya mstari.

"Unashona kwanza, unafuata chaki. Mkasi baadaye. Kwenye mlima wa wimbi, utepe unauachia kidogo, uende wenyewe, usiuvute. Ukifika bondeni unasimama, sindano ikiwa chini, unainua kiguu kinachobana kitambaa, unageuza mfarishi, ndipo unaendelea. Ukipita kwa haraka unapata kikunjo, na kikunjo mama atakiona akiwa mlangoni."

Utepe wenyewe hukatwa na mkewe kwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe ya kitambaa. Uliokatwa hivyo hukubali kupinda. Uliokatwa wima ni mkaidi, wimbi haulitaki. Kitambaa kingi hupotea, lakini hapa hakuna njia ya mkato.

Mwezi ukiwa mzuri wanamaliza mifarishi mitatu. Pato halifikii mshahara wa lori, Dereva anakiri, ila kodi inalipwa na siku hizi analala kwake.

Sindano inamaliza mzunguko. Dereva anakata kilichozidi, anatia mkasi kidogo kwenye kila bonde ili utepe ugeuke, kisha wanakaa wawili, huyu upande huu na huyu upande ule, wanashona upande wa chini kwa mkono. Mkewe anamnong'oneza, na mimi nasikia.

"Tumwambie nimeshona mimi."

"Hapana."

"Si yaishe?"

"Yataisha vipi? Nitabaki Bakuli mpaka kaburini."

Mchana, mama mkwe anaingia na mkoba wake kwapani, mwanamke mdogo wa umbo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Anakataa maji, anakataa kiti. "Tandikeni."

Wanautandika mezani. Anavaa miwani. Anaweka kiganja kwenye ukingo na kukandamiza, hauinuki. Anapitisha kidole gumba juu ya utepe, mlima kwa mlima, na kila bonde analivuta kidogo kutafuta kikunjo. Anageuza chini kutazama mshono wa mkono. Hata mimi nimebana pumzi, na mfarishi si wangu.

"Nani kashona?" anamuuliza binti yake.

Mkewe Dereva anafungua mdomo, mumewe anamwahi. "Ni mimi, mama. Yeye kakata utepe na kunisaidia mshono wa chini."

"Mawimbi ulikata lini?"

"Nilishona kwanza, mama. Ndipo nikakata."

Bibi anavua miwani. "Nimetafuta kosa. Sijaliona. Leo naulalia."

Dereva anakusanya ujasiri wote alionao. "Basi, mama, kama huu umekubali, ule wa kwenye kochi nije niuchukue?"

"Uupeleke wapi?"

"Nikautupe. Wananicheka, mama."

"Hautoki," anasema bibi, akikunja mfarishi mpya kwa uangalifu. "Wakiuona huu peke yake watasema kashona mwanangu, maana wanajua nilimfundisha mimi. Lakini wakae kwenye kochi waone ule, kisha niwaingize chumbani niwaonyeshe huu. Nani atabisha kwamba mkwe wangu ni fundi?"

"Mama, umesema fundi?" anauliza binti yake.

"Kwani umesikia nini?"

Dereva amegeukia dirishani. Analia, na baadaye ananisisitizia niandike hivyo hivyo, asije mtu akasema ni mafua.

Bibi akishaondoka namuuliza Dereva mipango yake. Ananipeleka chumbani. Juu ya kitanda kuna blanketi la dukani, la kijivu, limechakaa kwenye kingo.

"Miaka yote tunashonea watu, wa kwetu hatuna," anasema. "Sasa nataka nimshonee mke wangu. Kuanzia kiraka cha kwanza, na utepe nikate mwenyewe. Yeye asiguse hata sindano, alete kichwa chake tu alale."

"Ataniharibia vitambaa vyangu vyote huyu," anasema mkewe kutoka sebuleni.

Tunapotoka tunamkuta amefungua kabati, ameshamwekea mumewe kando kitambaa chekundu na cha kijani, na mkono wake uko ndani anatafuta cha tatu.