Mgongo kwa Runinga

Mkusanyaji filamu wa Garissa huishika diski kwa kingo tu, akiigeuzageuza juani kama sonara. Rafuni kwake mna deki za aina mbili: Blu-ray iliyoshinda soko, na HD DVD iliyoshindwa ikasahaulika. Zote mbili huzipangusa kila asubuhi.

Ilwad alikuwa amezunguka hadi Nairobi, na kila fundi alimwambia diski ya harusi yake, ya ile aina iliyoshindwa, ni ya kutupa. Humo marehemu mama yake anaghani buraanbur, utenzi wa wanawake.

"Ni ya akina mama pekee, wanaume hawaitazami, adeer," alimwambia yule mkusanyaji mzee, akimwita ami kwa Kisomali.

"Haya, abaayo, dada yangu."

Mzee huyo asiyepitwa na filamu aliwasha deki na runinga, akageukia ukuta, akawa anapapasa nyaya nyuma ya mgongo wake mpaka sauti ikatakata.

"Mama anaonekana?" aliuliza, uso ukutani.

Ilwad aliisogelea runinga. "Mpaka hina ya kucha zake, adeer."

Utenzi ulichukua nusu saa. Mzee hakugeuka hata mara moja. Kidole chake tu, pale ukutani, kilikuwa kikifuata ngoma.