Kikombe cha Kwanza

Kila asubuhi, kabla hajamgawia mtu uji, sista huchota kikombe kimoja akakinywa mbele ya wakimbizi wote, kama mwenyeji anavyomwonjea mgeni. Uvumi kwamba uji una sumu ulipoenea pale misheni, kando ya mto Ouaka huko Afrika ya Kati, Didja, Mfulani aliyekimbia bunduki, alimziba mwanawe Amadu mdomo kwa kiganja, ingawa mtoto alishalegea kwa njaa. Sista hakubishana. Alichukua kikombe cha mtoto, akanywa nusu, akakirudisha kwa mikono yake iliyobabuka kwa moto wa jikoni. Didja akaondoa kiganja.

Tangu hapo Didja humwombea sista katika kila swala. Leo akamtania: “Sista, kuonja gani huku, kikombe kizima! Kwani huogopi sumu?”

“Naogopa, mama Amadu. Ila njaa nayo inaniuma.”